Historia ya Kutambua Faili za Kompyuta kwa Heshi

Mtu aliyepata kulinganisha nakala za utenzi mmoja ajua ya kuwa jina lililoandikwa juu ya jalada si ushahidi wa yaliyomo ndani. Mnakili aweza kuipa kazi jina jipya, aweza kuruka beti, aweza kutia zake. Na mtafiti hana njia ila kukaa na nakala zote mbili akazisoma mstari kwa mstari. Makala haya yaeleza habari za watu waliokutana na shida iyo hiyo mahali pengine kabisa, yaani ndani ya diski za kompyuta, wakatafuta njia ya kuijua faili pasipo kuisoma na pasipo kuliamini jina lake. Njia waliyoipata imekuwa ikitumika kwa zaidi ya miaka ishirini katika upelelezi na mbele ya mahakama, ambako hatima yake yaweza kuwa kufungwa kwa mtu au kuachiliwa kwake. Kwa hiyo si jambo la mafundi peke yao.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Askari akikamata kompyuta ya mtuhumiwa hukuta ndani yake faili maelfu kwa maelfu, na aghalabu sehemu kubwa ya faili hizo si kazi ya mwenye kompyuta hata kidogo. Ni faili za mfumo wa uendeshaji na za programu zilizonunuliwa dukani, ambazo zimo vile vile katika kompyuta za watu wengine wasio na hesabu. Mpelelezi ataka barua, daftari la fedha au picha iliyofichwa. Akifungua faili moja moja hatamaliza. Akizitenga kwa majina atadanganyika, kwa maana ni jambo la dakika moja kuipa picha jina la faili ya mfumo na kuiweka katikati ya nyingine.

Fikira ya kwanza imjiayo mtu ni kuhesabu. Wasomaji waliozoea hati za pwani wanaifahamu hesabu ya abjadi, ambayo kwayo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, na kuendelea hivyo mpaka 1,000. Neno zima hupata jumla moja. Basi tuseme tumepokea neno kutoka mbali na jumla yake imeandikwa pembeni. Tukijumlisha wenyewe na kupata hesabu nyingine, twajua ya kuwa neno limeharibika njiani. Lakini tukipata hesabu ile ile, je, twajua ya kuwa neno ni lile lile? Hatujui. Neno la Kiarabu la bahari, bahr, lina be, he na re, yaani 2, 8 na 200, jumla 210. Neno la vita, harb, lina herufi zizo hizo kwa mpango mwingine, na jumla yake ni 210 vile vile. Bahari na vita havitofautiki mbele ya abjadi.

Wahandisi wa mawasiliano walilitambua kosa hili mapema. Mwaka 1961 W. Wesley Peterson na mwenzake D. T. Brown walieleza namna ya kukagua ujumbe kwa kuugawanya kama nambari moja kubwa na kulishika baki lake, na baki hilo hubadilika hata tarakimu zikigeuzwa nafasi tu. Njia hiyo ingali hai. Kwa umbo lake la biti 32 imo katika faili nyingi zilizokunjwa. Walakini yafaa kwa ajali, haifai kwa hila. Kelele za waya wa simu hazina nia, lakini mwanadamu anayo. Na ajuaye kugawanya aweza kuongeza tarakimu chache mwishoni mwa faili aliyoichezea mpaka baki likarudi kuwa lile alitakalo.

Hapa yafaa kusimama kidogo juu ya neno. Katika Kiingereza jambo hili liliitwa kwa jina lililotoka jikoni, lenye maana ya kukatakata nyama, ambalo Waingereza walilipata kwa Wafaransa. Fikira ya kuzikoroga tarakimu za kitu ili kupata mahali pa kukiweka imo katika waraka ambao Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM aliuandika mwaka 1953. Jina la jikoni lilienea baadaye. Mimi nimelitumia kwa umbo la Kiswahili, heshi, kwa sababu latamkika na halina maana nyingine ya kulichanganya nalo. Wako wapendao kusema alama ya kidole. Msemo huo ni mzuri wa kuvuta macho, ila wapotosha. Alama ya kidole ni ya ncha ya kidole tu, na haisemi lolote juu ya moyo wala ini. Heshi hutokana na kila biti ya faili toka mwanzo hata mwisho. Tena alama ya kidole hudumu ingawa mtu amenenepa au amezeeka, hali heshi haivumilii badiliko lo lote.

Msingi wa heshi zisizogeuzwa kwa hila uliwekwa katika miaka ya 1970. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walitoa makala iliyoeleza, pamoja na mengine, habari za hesabu za njia moja, ambazo kwenda ni rahisi na kurudi hakuwezekani kwa nguvu zilizopo. Ralph Merkle aliendeleza jambo hilo katika tasnifu yake ya mwaka 1979, na mwaka 1989 yeye na Ivan Damgård, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha jinsi ya kuisaga faili ndefu kipande kwa kipande pasipo kupoteza nguvu ya kanuni. Aliyewapa watu chombo cha kutumia kila siku ni Ronald Rivest wa chuo cha MIT. Mwaka 1990 alitoa kanuni iitwayo MD4, na mwaka 1992 akatangaza ya kuifuata, MD5. Ndani ya MD5 faili hukatwa vipande vya biti 512. Kila kipande hukorogwa kwa hatua 64 pamoja na matokeo ya kipande kilichotangulia. Na mwishoni hubaki biti 128, ambazo huandikwa kwa alama 32, zikiwa ni tarakimu kumi na herufi a mpaka f. Hata faili tupu isiyo na neno moja ina heshi yake, nayo ni d41d8cd98f00b204e9800998ecf8427e, wala haijali faili hiyo yaitwaje na imo katika kompyuta gani.

Ukali wa kanuni hii waonekana vizuri katika lugha yetu. Neno ng'ombe laweza kuandikwa katika kompyuta kwa ritifaa iliyonyoka au kwa ritifaa iliyopinda. Msomaji haoni tofauti, na mhariri mara nyingi hajui ni ipi aliyoipiga. Kwa heshi hayo ni maandiko mawili yasiyojuana kabisa. Kitabu kizima cha kurasa mia tatu kikibadilika ritifaa moja, heshi yake yote hugeuka, wala hakuna dalili iliyobaki ya kuonyesha ya kuwa viwili hivi vilikuwa kimoja.

Serikali ya Marekani nayo ilitaka kanuni yake. Mwaka 1993 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia, ijulikanayo kwa herufi NIST, ilitangaza SHA, iliyobuniwa na Shirika la Usalama wa Taifa. Mwaka 1995 iliirekebisha kwa kuongeza mzunguko mmoja wa biti, na kanuni iliyorekebishwa ndiyo SHA-1, yenye biti 160. Mwaka 2002 zilifuata kanuni ndefu zaidi, miongoni mwazo SHA-256.

Vyombo vilipokwisha kupatikana, matumizi hayakukawia. Mwaka 1992 Gene Kim na Eugene Spafford, katika Chuo Kikuu cha Purdue, walitoa programu iitwayo Tripwire. Kazi yake ilikuwa kuandika heshi za faili za mfumo siku ambayo mfumo ni salama, na kuzilinganisha tena baadaye, ili mwenye nyumba ajue kama mgeni ameingia akagusa kitu. Hapo faili zililinganishwa na nafsi zao za jana. Hatua iliyofuata ilikuwa kuzilinganisha na daftari la watu wote. Mwaka 1996 kituo cha Marekani cha upelelezi wa dawa za kulevya, kilichokuwa Johnstown katika jimbo la Pennsylvania, kilianzisha daftari lililoitwa HashKeeper, ambalo wapelelezi walilitumia kuondoa faili zijulikanazo na kubaki na zisizojulikana. Kituo hicho kilifungwa mwaka 2012.

Kazi kubwa kuliko zote za namna hii ni Maktaba ya Taifa ya Marejeo ya Programu, ambayo NIST iliianzisha kuelekea mwanzo wa karne hii kwa kuombwa na kusaidiwa na idara ya sheria na mashirika ya upelelezi ya huko. Mtu aweza kushangaa kwa nini kazi ya polisi ikapewa taasisi ya vipimo. Taasisi hiyo iliundwa mwaka 1901 ili pauni na yadi ziwe sawa katika nchi yote, kama vile sokoni petu pishi ilivyopaswa kuwa pishi. Na mpaka leo huuza vitu vya kulinganishia, hata siagi ya karanga iliyopimwa kwa makini ili wenye maabara wajue kama vyombo vyao vyasema kweli. Daftari la heshi ni kitu cha jamii hiyo. Zaidi ya hayo, mpelelezi hawezi kutunga mwenyewe orodha ya faili zisizo na hatia kisha akaitegemea mbele ya hakimu. Yataka mtu wa tatu asiye na kesi.

Namna maktaba ifanyavyo kazi yastahili kuelezwa. Programu hununuliwa au hutolewa na wenye kuitengeneza, ikiwa katika sanduku lake, hupewa nambari, faili zake zote hutolewa, na heshi za kila moja huandikwa pamoja na jina la mtengenezaji, la programu na toleo lake. Kisha sanduku huwekwa katika rafu huko Gaithersburg, katika jimbo la Maryland. Hapo mwanzo daftari liligawiwa kwa diski za CD. Siku hizi hutolewa bure kwa njia ya intaneti. Mwanasheria akiuliza, “Mwajuaje ya kuwa heshi hii ni ya faili ya programu hiyo?” jibu si neno la mtaalamu peke yake. Waweza kufuata mstari wa daftari mpaka kwenye sanduku, na sanduku likafunguliwa tena.

Kuna neno moja ambalo watunzaji wa maktaba hiyo wamelishikilia tangu mwanzo, na ambalo watumiaji wamelisahau mara kwa mara. Wao husema ya kuwa faili zilizoandikwa ni zijulikanazo. Hawasemi ya kuwa ni njema. Miongoni mwa programu zilizomo ziko za kuficha ujumbe ndani ya picha, na ziko zile zitumiwazo na wavunjaji wa kompyuta, kwa kuwa hizo nazo ni programu zilizotolewa na watu wanaojulikana. Picha za uhalifu, kwa upande wa pili, hazimo kabisa. Hizo zina madaftari yake mahali pengine, chini ya ulinzi mkali. Lakini mpelelezi mwenye haraka hupenda kulitafsiri neno “yajulikana” kwa neno “haina kitu,” akaiondoa faili pasipo kuitazama. Wataalamu wa lugha hawahitaji kuambiwa jinsi maana inavyoweza kuteleza hivyo. Daftari la maneno likilitaja tusi halikulihalalisha. Limesema tu kwamba lipo na latoka wapi.

Sasa twafika penye mtikisiko. Nguvu yote ya heshi yategemea ya kuwa hakuna awezaye kutengeneza faili mbili tofauti zenye heshi moja. Kuwako kwa faili kama hizo hapana budi, kwa maana faili hazina mwisho na heshi zina mwisho. Jambo ni kama mtu aweza kuzipata. Mwaka 1996 Hans Dobbertin, Mjerumani, alionyesha ufa ndani ya kiungo kimoja cha MD5. Wengi walisoma, wakaendelea na kazi. Mwezi wa Agosti 2004, katika mkutano wa Santa Barbara huko California, Xiaoyun Wang wa Chuo Kikuu cha Shandong, China, na wenziwe walitoa jozi za maandiko yaliyogongana katika MD5 yenyewe. Mwaka uliofuata alieleza jinsi SHA-1 nayo ingeweza kushambuliwa kwa nguvu pungufu ya zile zilizodhaniwa.

Habari hiyo ilifika mahakamani upesi. Mwaka 2005, huko Sydney nchini Australia, dereva aliyeshitakiwa kwa mwendo wa kasi alijitetea kwa kusema ya kuwa picha ya kamera ililindwa kwa MD5, na MD5 haiaminiki tena. Mamlaka ya barabara ya jimbo ilipewa muda ilete mtaalamu wa kuthibitisha ya kuwa picha haikuguswa. Haikumpata, na shitaka likatupwa. Nionavyo mimi, mtetezi alichanganya mambo mawili. Wang alikuwa ametengeneza jozi, yaani alichagua mwenyewe pande zote mbili. Kuichukua picha iliyokwisha kupigwa na mtu mwingine, na kuitafutia mwenzake mwenye heshi ile ile, ni kazi nyingine iliyo ngumu kupita kiasi, na hata leo hakuna aliyeifanya kwa MD5. Hata hivyo simlaumu hakimu. Mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wa mwenye kushitaki, naye hakuubeba.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoyaokoa madaftari ya faili kwa muda. Mhalifu hawezi kuichukua faili ya zamani ya mfumo, ambayo heshi yake imo daftarini, na kuitungia pacha mwovu. Lakini hatari ilibaki mlangoni: mtengenezaji wa programu aweza kutunga mapacha tangu mwanzo, akampeleka aliye mwema maktabani akaandikwe, na mwovu akamsambaza. Hili si jambo la kuwaza tu. Mwishoni mwa mwaka 2008 watafiti walionyesha huko Berlin hati ya uthibitisho ya mtandao waliyoighushi kwa mgongano wa MD5, wakiwa wametumia mashine 200 za mchezo wa PlayStation 3 kwa hesabu yao. Mwaka 2012 ikagunduliwa programu hasidi iliyoitwa Flame, ambayo kwa hila ya jamii hiyo ilijifanya kuwa imetiwa sahihi ya kampuni ya Microsoft. SHA-1 nayo ilianguka mwaka 2017, pale watafiti wa kituo cha CWI cha Amsterdam na wa kampuni ya Google walipotoa hati mbili za PDF zenye heshi moja, baada ya kuikokotoa kanuni hiyo mara zaidi ya 9,000,000,000,000,000,000. Wako waliosema ya kuwa kuandika MD5 na SHA-1 pamoja kungetosha kuwa ngome. Lakini Antoine Joux alikwisha kuonyesha mwaka 2004 ya kuwa kanuni mbili za namna hii zikiunganishwa hazileti nguvu kwa kadiri watu walivyotumaini.

Hapo ndipo rafu za Gaithersburg zilipoonyesha faida yake. Heshi haizai heshi. Mwenye heshi ya MD5 peke yake hawezi kuipata SHA-256 ya faili ile, hata akikokotoa umri wake wote, kwa sababu faili yenyewe haimo ndani ya heshi. Imesagwa, na unga haurudi kuwa punje. Daftari lililotungwa kwa kukusanya alama tu, vitu vyenyewe vikatupwa, hufa siku ile kanuni yake inapokufa. Maktaba yenye masanduku huyafungua tena na kuhesabu upya. Katika muundo wa tatu wa daftari la NIST, uliochukua mahali pa ule wa zamani mwanzoni mwa miaka ya 2020, SHA-256 imeongezwa. Na mwezi wa Desemba 2022 taasisi hiyo ilitangaza ya kuwa SHA-1 iachwe kabisa ifikapo tarehe 31 Desemba 2030.

Kwa watunzaji wa hati zetu jambo hili lina uzito wake. Siku hizi picha za hati za zamani huhifadhiwa katika kompyuta pamoja na heshi, na ni vema, maana picha ikiharibika itajulikana. Ila isidhaniwe ya kuwa heshi yaitambua hati. Yaitambua picha moja ya hati, iliyopigwa siku moja. Karatasi ile ile ikipigwa tena kesho, heshi ni nyingine. Wala haina habari ya udugu. Mhakiki akiona nakala mbili za utenzi huuliza ipi ilitoka katika ipi, na makosa yaliyoshirikiwa humwongoza. Heshi husema tu ndiyo au siyo. Mwaka 2006 Jesse Kornblum alijaribu kulipunguza pengo hilo kwa programu iitwayo ssdeep, ambayo huikata faili mahali panapotegemea maneno yaliyomo, ikakipa kila kipande heshi yake fupi, na hivyo faili mbili zilizofanana kwa sehemu huonyesha ufanani wao kwa hesabu. Yasaidia kuzikusanya programu hasidi za ukoo mmoja, na yaweza kukisia ya kuwa barua moja ni rasimu ya nyingine. Lakini ipi ni rasimu na ipi ni barua, haisemi. Hapo mpelelezi hurudi kuzifungua zote mbili na kuzisoma.